Wimbo wa Kusagia

Jiwe limefika nyumbani kwangu kwa basi la kutoka Kiomboi, likiwa limeviringishwa kwenye kanga kuukuu na kufungwa kamba ya katani. Kondakta alilipima uzito kwa mkono akaniuliza, bibi, umebeba nini humu. Nikamwambia ni urithi. Akacheka, akalisukuma chini ya kiti kwa mguu, na njia nzima kila basi lilipokanyaga shimo jiwe liligonga vyuma vya kiti nikawa nashtuka.

Ni jiwe la kusagia, lile dogo la mkononi. Lile kubwa la chini tulikuwa tukiliita mama, na hili mtoto. Limelika upande mmoja kwa miaka mingi ya viganja. Lilikuwa la Mbula, rafiki yangu, ambaye tumemzika juzijuzi. Matanga yalipoanuliwa binti yake aliniita kando akanipa, akasema mama yake aliagiza lisipewe mtu mwingine. Wao wenyewe hawana kazi nalo, unga wanasagisha mashine. Mjukuu wangu ninayeishi naye hapa Singida mjini ameliona, akasema litafaa kutwangia vitunguu saumu. Nimemwambia akilishika nitamvunja vidole, naye amenitazama kama mtu anayetazama uzee ukiingia mlangoni.

Nililinusa nilipobaki peke yangu. Lina harufu ya moshi wa jikoni, basi. Lakini mimi nilisikia uwele, ule uwele uliolowekwa na kuanikwa nusu, unaponusa kama majani mabichi na maziwa kwa pamoja. Nikakaa chini. Kwa umri wangu, nikikaa chini bila sababu, ujue kuna sababu.

Mimi ni Mnyaturu kwa baba na Mnyiramba kwa mama. Siku hizi ni jambo la utani tu kwenye harusi. Enzi za Mwingereza, nilipokuwa nakaribia kuvunja ungo, lilikuwa jambo la wazee kukalia vigoda. Mama yangu alifariki wakati wa palizi, kwetu upande wa Ikungi. Baba alikuwa ameshakwenda Tanga kukata mkonge, na tangu aende tulikuwa tumepokea blanketi moja na salamu. Mlezi wetu alikuwa baba mdogo, mtu mrefu asiye na maneno mengi. Basi mjomba, kaka yake mama, akaja kutoka Unyiramba na mkuki wake na vumbi lake, akatoa pole kama inavyotakiwa, halafu akasema mtoto wa dada yake ni wake.

Kwa Wanyiramba wa wakati ule mjomba alikuwa na neno kubwa juu ya mtoto wa dada. Kwa Wanyaturu mtoto ni wa upande wa baba, mjadala umefungwa. Wazee walibishana mchana kutwa kwa adabu kubwa, kila mmoja akimsifu mwenzake kabla ya kumkatalia, hadi wakapata njia ya katikati. Niende kwa mjomba mpaka mavuno. Uwele ukishapurwa, baba mdogo anifuate, na mimi mwenyewe niulizwe mbele ya wote nataka kukaa wapi.

Mjomba alikubali. Alisema mtu hafungwi kamba kama ndama.

Nilikuwa nyuma ya mlango nikasikia yote. Kabla hata sijafunga kitambaa changu cha safari nilikuwa nimeshatunga jibu langu, na lilikuwa fupi: nataka kurudi kwetu. Nilipanda nalo juu ya lori la Mwarabu lililobeba nta na ngozi, nikashuka nalo, nikatembea nalo nyuma ya visigino vya mjomba hadi kijiji kisicho mbali na Misigiri. Niliogopa nisije nikalisahau siku ya kuulizwa, kwa hiyo nikawa nalirudia kila asubuhi kabla ya kufumbua macho.

Sikuteswa. Watu wanaposimulia utoto wa yatima hupenda kuweka mama wa kambo mwenye kijinga cha moto, mimi sina. Mke wa mjomba alikuwa mwanamke mwema mwenye haraka, ana kichanga mgongoni na wengine wawili miguuni. Aliniambia nimwite mama, nikashindwa, akaacha nisimwite chochote. Alinipa mahali pa kulala pazuri kuliko pa watoto wake. Tatizo langu lilikuwa jingine. Kinyiramba na Kinyaturu ni ndugu, na mimi nilikuwa naelewa kama nusu ya kinachosemwa. Ile nusu nyingine niliamini kwamba inanisema mimi.

Kwa kuwa mke wa mjomba alikuwa na kichanga, jiwe likawa kazi yangu. Nieleze kidogo kwa ajili ya wale waliozaliwa mashine zikiwa tayari. Nyumba zilikuwa tembe, zile za udongo zenye paa bapa, na ndani, kwenye kona, palijengwa kijukwaa cha udongo ambapo jiwe mama lililazwa likiinamia mbele. Unapiga magoti, unamwaga uwele, unasukuma mtoto kwa mikono miwili na kuvuta, kusukuma na kuvuta, unga unashukia kwenye ungo. Tembe za pale zilikuwa nne zimekaribiana, zimetenganishwa na ua wa minyaa tu. Watu wakishatoka shamba na jua likianza kulala, mawe yote manne yalianza karibu kwa wakati mmoja. Na kuta za tembe zina vitundu vya hewa. Kwa hiyo mtu akianzisha wimbo kwenye jiwe lake, wa nyumba nyingine wanaitikia kutoka kwenye mawe yao. Hamwonani. Kila mmoja yuko gizani kwake na magoti yake, lakini mnaimba pamoja, na mawe ndiyo ngoma.

Siku yangu ya kwanza niliwasikia tangu uani nikiwa napepeta. Waliimba vizuri. Nikaingia, nikapiga magoti, nikasukuma jiwe.

Wimbo ukakatika.

Haukuisha. Ulikatika katikati ya mstari, kama mtu aliyefunikwa mdomo kwa kiganja. Mawe yaliendelea kusaga, lakini sauti hakuna hata moja. Nilisaga mpaka nikamaliza, nikatoka nje na ungo wangu, na nyuma yangu, pale tu jiwe langu liliponyamaza, wakaanza tena.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Sikulia. Nilikuwa mtoto wa kufanya hesabu zaidi kuliko wa kulia, na nikafanya hesabu yangu: watu hawa wameshajua kwamba nimetoka kwenye msiba, wanaona nina mkosi, hawataki wimbo wao uchanganyike na jiwe langu. Ilikuwa hesabu safi, haikubakiza kitu. Iliuma sana. Nasema wazi kwamba sijawahi tena katika maisha yangu kuumia namna ile, na nimeshazika mume.

Nikaanza kusaga mchana wa jua kali, wakati wenzangu wako shamba au wamejilaza. Mke wa mjomba aliniruhusu kwa kuwa hakuwa na nafasi ya kuniuliza. Ila uwele hautaki mchezo huo. Unga wake ukishasagwa unataka sufuria, ukiwekwa kwenye joto unaanza kuingia uchungu. Mjomba alikuwa anatafuna ugali wa jioni na mlenda wake, ananitazama, anakunywa maji, hasemi. Alikuwa amesema mtu hafungwi kamba, na nadhani aliona hata kulaumu unga ni aina ya kamba.

Mbula alikuja kuomba moto. Moto wao ulikuwa umezimika, na ilikuwa kawaida kupita nyumba ya jirani na kigae kuchukua kaa. Alikuwa msichana wa tembe ya pili, amenizidi kidogo, mwenye mwanya na sauti ya kukwaruza ambayo nilikuwa naitambua hata akicheka kisimani. Aliingia akitazama mekoni, akanikuta kwenye jiwe. Akasimama.

"Kumbe unasaga saa hizi," alisema. Alisema kwa Kiswahili, kile cha darasa la misheni, ili nisipate kisingizio cha kutoelewa.

Nikaitika kwamba ndiyo.

"Unatukimbia?"

Nikamjibu kwamba wao ndio wanaoninunia. Niliyasema yote kwa mara moja, wimbo unavyokatika, mkosi, msiba, nikashangaa mwenyewe nilikuwa na maneno mengi kiasi kile. Mbula alichuchumaa, akaweka kigae chini.

"Tunakunyamazia uimbe," alisema. "Mgeni haimbiwi juu ya kichwa. Anaachiwa nafasi, atoe kwanza wimbo wa kwao, tuuitikie, halafu ndiyo tunaendelea na zetu. Tangu umekuja tunasaga kimya tukikungoja. Bibi yangu anasema kusaga kimya kunamuua mgongo. Wanasema Mnyaturu ana maringo, amekuja na wimbo wake ameufungia ndani."

Nikasema hakuna aliyeniambia.

"Mtu anaambiwa hilo? Kwenu mnafanyaje?"

Kwetu mgeni ndiye anayeimbiwa. Anakaa, anapokelewa kwa wimbo, anakula, na yeye kazi yake ni kusikiliza. Nilimweleza hivyo, na tukatazamana kwa muda, kila mmoja akiwaona watu wa mwenzake kuwa wana mambo ya ajabu. Halafu yeye akaanza kucheka. Alicheka akashika mbavu. Wale wanangoja niimbe, mimi nangoja waimbe, na katikati mjomba anakula ugali mchungu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kumbe mwenyeji alikuwa anaumwa mgongo kwa ajili yangu.

Mimi sikucheka, kwa sababu bado kulikuwa na jambo ambalo hakulijua. Sikuwa na wimbo wa kuanzisha. Nilikuwa na nusu ya wimbo. Mama yangu ndiye aliyekuwa anaanza na mimi naitikia, tangu nilipokuwa na kijijiwe cha kuchezea pembeni yake. Hata alipougua, mimi nikasaga, aliendelea kuanza kutoka kitandani, mstari wake, kisha wangu, na kwa urefu wa kimya katikati nilikuwa najua leo ana nguvu kiasi gani. Siku ya mwisho nilingoja mstari wake nikiwa nimeshika jiwe. Nikamwambia Mbula kwa kifupi: mimi najua kuitikia tu, wa kuanza amekufa.

Hakusema pole. Nilimpenda tangu hapo kwa sababu hiyo, nilikuwa nimeshiba pole. Alifikiri, akijikuna mguu kwa kidole gumba cha mguu mwingine.

"Basi nifundishe mimi kuitikia," alisema.

Wimbo wenyewe haukuwa kitu cha maana. Ni wa kware anayekula uwele shambani. Anayeanza anauliza, nani yumo shambani? Waitikiaji wanajibu, ni kware, kware na mwanawe. Kisha anauliza wanakula nini, wananywa wapi, na jibu halibadiliki, kware na mwanawe. Mbula aliyavunja maneno ya Kinyaturu vipande vipande. Kila alipofika kwenye "mwanawe" alitoa sauti ambayo haimo katika lugha yoyote ninayoijua. Mpaka tumalize, kaa lake la moto lilikuwa limekuwa jivu, ikabidi achukue jingine, na kwao akagombezwa.

Kesho yake nilisaga jioni. Nilipiga magoti, nikasukuma jiwe, wimbo wao ukakatika kama kawaida. Mawe matatu yalisaga. Mimi nikasaga pia, nikijua sasa kile kimya kimekaa kinanitazama. Nilisukuma, nikavuta, nikasukuma, na mwishowe nikauliza, kwa sauti ambayo haikuwa yangu wala ya mama, nani yumo shambani?

Mstari wa mama yangu ukatoka kinywani mwangu, ukapita kwenye kitundu cha ukuta, ukaenda. Hakuna kilichorudi. Nilidhani nimefanya upuuzi. Nikasimamisha jiwe.

Ndipo kutoka upande wa pili wa minyaa ikaja ile sauti ya kukwaruza, na Kinyaturu chake kilichovunjika: ni kware, kware na mwanawe. Sehemu yangu ikaimbwa na mtu mwingine. Hapo nililia, nikalilia kwenye unga, na bila kungoja nimalize kulia nikauliza tena, wanakula nini? Safari hii walikuwa wawili. Ya tatu waliitikia wote, na bibi yake Mbula juu yao wote, mwenye mgongo.

Lakini hawakuweza kuusagia. Nyimbo za Wanyiramba wa pale jibu lilikuja wakati wa kusukuma. Wimbo wetu jibu linakuja wakati wa kuvuta. Nikasikia jiwe la nyumba moja likikwama, la pili likiruka, mtu akitukana kwa Kinyiramba, wengine wakipasuka kwa kicheko huku wakiimba. Jioni ile tembe zote nne zilikula ugali wenye chenga. Mjomba alitafuna, chenga zikalia menoni, akaniangalia.

"Unga wa leo si mchungu," alisema.

Baada ya hapo walinifundisha zao, na mimi nikazikosea kwa namna yangu. Jina la Mnyaturu likaondoka, nikawa naitwa Kware, hata na watoto wadogo. Mbula na mimi tulikwenda kisimani pamoja, tukasukana nywele, tukapura uwele bega kwa bega mpaka makapi yakatuwasha shingo. Alikuwa haimbi vizuri, na alijua, na hakujali hata kidogo. Nimekutana na waimbaji wengi wazuri kanisani na kwenye redio. Sijakutana na mwingine ambaye akiitikia, mtu unajua umesikiwa.

Kuhusu lile jibu langu, siwezi kusema ni siku gani niliacha kulirudia asubuhi. Niligundua tu kwamba nimeacha. Nikaogopa, nikalirudia siku hiyo mara nyingi kama mtu anayelipa kiporo cha sala.

Baba mdogo alikuja uwele ukiwa umeshapanda ghalani. Alikuja kwa miguu, mrefu vilevile, amekonda. Nilimwamkia shikamoo, nikampa maji, akanishika kichwa, nikasikia harufu ya nyumbani kwetu kwenye nguo zake. Wazee walikaa uani. Mimi nikaambiwa niende nikasage, mgeni ale, nitaitwa. Nikaenda. Nilianza ule wa kware, nafikiri kwa sababu ya ile harufu. Wenzangu wakapokea, na nje mazungumzo yakapungua.

Mjomba alinisimulia baadaye. Alisema baba mdogo aligeuza shingo akisikiliza, akasema, "Huo ni wa shemeji yangu." Akasikiliza tena. "Wanaukosea."

"Wanaukosea kila siku," mjomba akamjibu.

Nikaitwa nikiwa katikati. Nilikuwa nimeshauliza wananywa wapi, wameshajibu, na zamu ilikuwa yangu. Nikaliacha jiwe, nikatoka na unga mikononi hadi kwenye viwiko, nikapiga magoti mbele yao. Baba mdogo aliniambia kwa Kinyaturu, taratibu, kwamba hapa hakuna atakayekasirika, niseme mwenyewe ninataka kukaa wapi.

Jibu lilikuwepo. Nilikuwa nimelibeba tangu palizi, fupi, bila kosa. Nikafungua mdomo, na hapo nikasikia kwamba tembe zote zimenyamaza. Jiwe langu lilikuwa limesimama, na wao hawakuendelea na nyimbo zao. Mawe yao yalikuwa yanasaga polepole, bila sauti ya mtu, pale pale nilipouacha wimbo.

"Wananisubiri," nikasema.

Baba mdogo hakuuliza ni kina nani. Aliitazama minyaa kwa muda, akanitazama mimi.

"Basi nenda," alisema.

Jioni alikula ugali wenye chenga, akaongezwa. Asubuhi aliondoka na kibuyu cha unga mgongoni, na nilimsindikiza mpaka barabarani. Nililia njiani wakati wa kurudi, na nilipofika Mbula alinipa ndoo, tukaenda kisimani.

Niliolewa baadaye, nikahama, yeye akabaki kule kule. Tulitembeleana kadiri mabasi yalivyoruhusu. Mashine zilipokuja wote tuliacha kusaga, na hakuna aliyeyalilia mawe siku zile, asikudanganye mtu, magoti yetu yalishukuru. Siku za mwisho alikuwa hasikii vizuri, na tulikuwa tunakaa tu, tunakula karanga.

Leo mjukuu yuko shule. Nimenunua uwele kidogo sokoni kwa mama mmoja aliyeniuliza kama nafuga kuku. Jiwe mama sina, nimetumia ngazi ya saruji ya mlango wa nyuma, ambayo haifai. Nimepiga magoti kwa awamu mbili, nikishika ukuta. Nikamwaga uwele, nikashika mtoto mahali pale alipopalainisha Mbula kwa kiganja chake, nikasukuma mara moja.

Nyumba nzima ilikuwa kimya. Zamani ningedhani nimenuniwa. Nikaanza.